Chemchemi Zetu na Elimu ya Wazee

Hotuba ya Katibu wa chama cha msingi kimoja cha Uporoto, iliyosomwa mbele ya wajumbe katika sherehe za Chama Kikuu kutimiza miaka kumi



  

Kamati ya sherehe iliponiandikia barua kunitaka niseme juu ya elimu ya wazee, hifadhi ya nchi na afya ya mkulima, nilidhani bahasha imepotea njia. Mimi ni mtu wa daftari. Nilimaliza kidato cha nne, nikarudi nyumbani, nikakabidhiwa mizani, stakabadhi na ufunguo wa ghala. Na tangu siku hiyo kazi yangu imekuwa kupima viazi na pareto, na kushindana na wanunuzi juu ya magunia ya lumbesa. Mambo ya mizizi na miiko niliwaachia wazee. Lakini nilipokaa na barua ile siku mbili tatu, niliikumbuka chemchemi ya nyumbani kwetu, nikaona kamati haikukosea sana. Ninalo deni ambalo sijapata kulisema mbele za watu. Nitaanza nalo.

Chini ya shamba la bibi yangu, mzaa baba, palikuwa na bonde dogo lenye chemchemi. Maji yake yalikuwa baridi kiasi cha kuuma meno, wala hayakukauka hata katika mwezi wa Oktoba, wakati vumbi linapotanda milimani. Bibi alikuwa na miiko mingi juu ya mahali pale. Mti haukatwi. Sufuria yenye masizi haioshwi pale. Mbuzi hawashuki. Mwenye kutaka gome la dawa atalichubua upande mmoja tu wa mti, kipande kisichozidi kiganja, kisha atapaka tope kwenye jeraha la mti, kama vile mtu afungwavyo kidonda. Ukimwuliza sababu, alijibu kwamba mahali pale pana mwenyewe, na mwenyewe akichukia, maji yataondoka.

Mimi nilikuwa nimetoka shuleni. Nilicheka, si mbele yake, lakini nilicheka. Mwaka ule bei ya nguzo ilikuwa nzuri, na miche ya milingoti ilikuwa ikiuzwa njiani. Niliitazama ile ardhi yenye unyevunyevu nikaona imelala bure. Nikaangusha mikuyu iliyokuwapo, nikapanda milingoti 400. Bibi alikuja na kibuyu chake, akasimama kitambo akitazama, akateka maji, akaenda zake bila kusema neno.

Milingoti ilistawi kwelikweli. Katika mwaka wa tano niliuza nguzo, nikaezeka nyumba kwa bati, na watu wakanipongeza kuwa kijana mwenye maendeleo. Katika mwaka wa sita chemchemi ilitoa maji mpaka Agosti, ikakoma. Mwaka uliofuata ikakoma mwezi wa Julai. Leo hii mke wangu na binti yangu huamka saa kumi alfajiri kwenda kuteka maji katika bonde la pili. Bibi alifariki akiwa anatekewa maji kutoka huko huko. Hakunilaumu hata siku moja, na hilo ndilo linaloniumiza zaidi.

Basi, Bwana Mwenyekiti, je, mwenye mahali pale alichukia? Sikusimama hapa kubishana na wazee juu ya hilo. Tulisoma shuleni kwamba mlingoti ulitoka Australia, kwamba hukua upesi, na kwamba mti unaokua upesi hunywa maji mengi. Mizizi yake huyafuata maji chini mbali. Kwa maneno mengine, ile elimu ya shule ingaliweza kunionya kama ningeiuliza. Bibi naye alinionya kwa lugha yake. Walimu wawili waliniambia jambo moja, nami sikumsikiliza hata mmoja wao.

Huenda mtu akasema kwamba wazee walibahatisha tu. Na nimkumbushe mwenye kusema hivyo habari za kipunji. Wawindaji wa mlima Rungwe walikuwa wakimtaja nyani mmoja mwenye haya, akaaye juu mitini, mwenye sauti isiyofanana na ya wengine, wakamwita kipunji. Wataalamu waliosikia walidhani pengine ni mnyama wa hadithi. Mwaka 2003 watafiti waliokuwa wakifanya kazi katika misitu ya Rungwe na Livingstone walimwona kwa macho yao. Na mwaka 2004 watafiti wengine, wasio na habari za wale wa kwanza, wakamwona katika msitu wa Ndundulu, huko Kilolo, mkoani Iringa. Habari zake zilichapishwa mwaka 2005, na mwaka 2006 ikaonekana kwamba ni wa jenasi mpya kabisa, ya kwanza ya nyani wa Afrika kupewa jina tangu mwaka 1923. Wakamwita Rungwecebus. Hivyo mnyama ambaye dunia nzima haikumjua alikuwa akijulikana kwa wawindaji wetu, kwa jina lake na kwa sauti yake. Tena tazameni makao yake: msitu wa Mbeya na msitu wa Iringa, wala hapatikani penginepo duniani. Kama tungetafuta alama ya kuweka katika bendera ya Chama Kikuu chetu, mimi ningempigia kura huyo.

Tena wapo walioyaandika mambo haya zamani. Bibi Monica Wilson na mumewe Godfrey waliishi na Wanyakyusa katika miaka ya 1930, na yeye bibi akaandika vitabu juu ya ukoo na ibada zao. Ndani yake imetajwa misitu mitakatifu walimozikwa wakuu wa kale, kama ule wa Lubaga, makao ya ibada za Lwembe, ambako mtu hakuruhusiwa kuingia na shoka apendavyo. Mtu asiye na imani hiyo anaweza kuuona msitu wa namna hiyo kuwa makaburi tu. Lakini mkulima akitazama vizuri ataona pia kichaka kilichoachwa kilimani, kinachoshika mvua, kinachohifadhi mbegu za miti ya dawa, na kuwapa nyuki mahali pa kukaa. Heshima kwa wafu ililinda maji ya walio hai.

Sasa niwapeleke Iringa. Miaka miwili iliyopita chama chetu kilituma wajumbe watano kuwatembelea wenzetu wa huko, nami nilikuwa mmoja wao. Tulifika kiangazi, nchi ya juu imekauka rangi ya simba, nasi tukateremshwa bondeni tukaonyeshwa vinyungu. Wengi wenu mnavifahamu tangu utoto, lakini kwetu Uporoto mvua ni nyingi na hatuna desturi hiyo, kwa hiyo mniwie radhi nikivieleza kama mgeni. Mvua zikishakoma, watu huinua matuta mapana katika ardhi yenye majimaji ya bondeni, wakifukia majani chini yake yaoze, na kati ya tuta na tuta huacha mfereji. Unyevu hupanda wenyewe kutoka chini. Hakuna pampu wala petroli. Mahindi, maharage na mboga huota wakati mlimani hakuna hata jani, na mahindi mabichi hupatikana katika miezi ile ambayo ghala limekwisha na mavuno mapya bado hayajaiva. Mama mmoja, mwanachama, alituambia kwamba kinyungu chake kimesomesha watoto wanne. Tulimwuliza ni nani aliyemfundisha kupima kina cha mfereji. Akatutazama kama watu wasio na mama.

Lakini mama huyo huyo alikuwa na hofu mbili. Ya kwanza ilikuwa ya maji yenyewe, kwa kuwa juu ya bonde lake jirani amepanda milingoti, kama nilivyofanya mimi, na mifereji imeanza kukauka mapema. Ya pili ilikuwa ya sheria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto au ziwa shughuli za binadamu zilizo za kudumu au ambazo kwa asili yake zinaweza kudhuru hifadhi ya mahali hapo. Vinyungu vingi vimo ndani ya mita hizo. Basi mama yule anauliza: mimi ninayelima kwa jembe la mkono, bila dawa ya kupulizia, na kuacha majani kingoni, nihesabiwe sawasawa na mwenye pampu tatu?

Ni swali la haki, wala si la kujibiwa kwa kelele. Sheria hiyo hiyo inampa Waziri uwezo wa kuweka miongozo ya shughuli ndani ya eneo hilo. Maana yake ni kwamba pana mlango wa mazungumzo. Lakini mlango huo haubishwi na mkulima mmoja mmoja. Hubishwa na chama chenye kumbukumbu, chenye kuweza kusema: hivi ndivyo vinyungu vyetu, hii ndiyo idadi yake, huu ndio umbali wa kila kimoja na maji, na hizi ndizo kanuni tulizojiwekea wenyewe. Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji ina makao yake Iringa mjini. Si mbali.

Nimetaja bonde la Rufiji kwa makusudi. Sisi wa Mbeya na Iringa tumezoea kujiona majirani wa barabara, yaani watu wa basi moja. Kumbe ni majirani wa maji. Mito ya Chimala, Kimani na Mbarali hushuka kutoka milima ya Uporoto na Kipengere. Ndembera hutoka upande wa Mufindi. Yote hukutana katika tambarare ya Usangu na kufanya Ruaha Mkuu, mto unaokwenda Mtera na Kidatu kuzungusha mitambo ya umeme. Mwaka 1993 mto huo ulikatika wakati wa kiangazi ndani ya Hifadhi ya Ruaha, na tangu hapo umekuwa ukikatika karibu kila mwaka, viboko wakibanana katika vidimbwi vya matope. Mwaka 2001 Waziri Mkuu wa wakati huo, Mheshimiwa Frederick Sumaye, aliahidi huko London kwamba kufikia mwaka 2010 mto utatiririka mwaka mzima. Wafugaji waliondolewa Usangu mwaka 2006 na 2007, kwa uchungu mwingi, na mwaka 2008 Usangu ikaingizwa katika Hifadhi. Mwaka 2010 ulifika ukapita, na mto uliendelea kukatika.

Kwa kawaida tunapozungumza habari hii tunanyosha kidole chini: wenye mpunga, wenye ng'ombe. Ni kweli kwamba mashamba ya mpunga hunywa maji mengi. Lakini aliye juu ya mlima ndiye anayekunywa kwanza, nami nina visiki 400 vya kushuhudia.

Hapo sasa ndipo nifikapo penye jambo lenyewe. Tusiwasifu wazee mpaka tukasahau kuuliza: kama miiko yao ilikuwa na nguvu hivyo, mbona imevunjika upesi? Jibu langu ni kwamba miiko ile ilikuwa sheria ya watu wanaojuana, watakao dawa ya mtoto mmoja au kuni za jiko moja. Haikutungwa kwa ajili ya soko. Angalieni uwanda wa Kitulo, ambao wenyeji huuita Bustani ya Mungu. Katika miaka iliyopita wafanyabiashara walianza kutafuta viazi vya okidi vinavyopikwa Zambia na kuitwa chikanda, na watu wetu wakachimba magunia kwa magunia ya mimea ambayo hapo kwanza hakuna aliyeihesabu kuwa mali. Mwaka 2005 Kitulo ikawa hifadhi ya taifa, ya kwanza katika Afrika ya tropiki kuanzishwa hasa kwa ajili ya maua yake. Au chukueni mti ule ambao wataalamu huuita Prunus africana, unaoota katika misitu yetu ya milimani. Gome lake hutengenezwa dawa za wanaume wazee huko Ulaya. Mganga wa kijijini huchubua kiganja kimoja. Mnunuzi huchubua mti mzima mpaka unakauka ukiwa umesimama. Tangu mwaka 1995 biashara yake kati ya nchi na nchi imo chini ya udhibiti wa mkataba wa kimataifa. Kiganja cha bibi yangu kilikuwa kipimo kizuri, lakini kipimo hicho hakimfungi mtu aliyekuja na lori.

Na mimi je? Nilipopanda milingoti sikuwa mwovu. Nilifuata bei. Mwiko hauna bei, hivyo mbele ya bei mwiko hunyamaza, kama bibi alivyonyamaza. Chombo pekee nikijuacho hapa kwetu chenye masikio mawili, moja kwa bei na jingine kwa jirani, ni chama cha ushirika.

Naomba sasa niseme juu ya tiba, kwa kuwa kamati ilinitaka, na kwa kuwa hapo ndipo tunapochanganya mambo kwa hatari. Mdogo wangu alikuwa akipulizia viazi dawa ya wadudu. Siku hiyo palikuwa na upepo, naye alivaa shati jepesi, hakufunika uso, wala hakunawa alipokula. Jioni alianza kutokwa na jasho na udende, macho yanachuruzika, misuli inacheza chini ya ngozi. Wenye kusema walisema karogwa, maana viazi vyake vilikuwa vizuri kuliko vya majirani. Tukampakia kwenye pikipiki mpaka kwa mganga mmoja mzee, mtu wa majani na mizizi anayeheshimiwa sana pande zetu. Mzee yule aliinama, akamnusa shati. Akaamuru avuliwe nguo mara moja na kuoshwa kwa maji mengi na sabuni. Kisha akatuambia: "Huyu si wangu. Mpelekeni hospitali, na ile chupa mwende nayo, wakaisome." Hakuchukua hata senti.

Hospitalini walisoma kibandiko cha chupa wakamchoma sindano ya atropini, wakarudia, naye akapona. Baadaye nilisoma kwamba atropini yenyewe asili yake ni mimea, jamaa ya viazi na ya mnafu tunaoula. Sikusema hili ili kumpa mganga ushindi. Nimelisema kwa sababu mzee yule alijua mpaka wa elimu yake, na elimu isiyo na mpaka ndiyo inayoua watu, iwe ya majani au ya chupa. Mwaka 2011 watu kwa maelfu walikwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile; wako waliokufa katika foleni, na wako walioacha dawa zao za hospitali wakiamini wamepona.

Ikiwa mtu atauliza namna njema ya kuunganisha ya kale na ya sasa, mimi nitampa mfano wa mama mmoja wa China, Tu Youyou. Wenzake walikuwa wamejaribu mimea mingi kutafuta dawa ya malaria bila mafanikio. Yeye alirudi katika kitabu cha tabibu Ge Hong cha karne ya nne, akaona kwamba majani ya artemisia hulowekwa katika maji, wala hayatajwi kuchemshwa. Akafikiri huenda moto ndio unaoharibu dawa. Akatumia njia isiyo na joto kali, akajaribu kwa wanyama, kisha yeye na wenzake wakainywa wenyewe kwanza kabla ya kumpa mgonjwa yeyote. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Nobel. Hakukidharau kitabu cha kale, wala hakukiamini kwa kufumba macho. Na dawa za malaria tupewazo hospitalini leo zina kazi yake ndani. Hilo halikufanyi wewe uchemshe majani ya artemisia nyumbani ukajitibu, kwani Shirika la Afya Duniani haliungi mkono matumizi hayo. Hapa kwetu tunayo Taasisi ya Tiba Asili pale Muhimbili, ambayo kazi yake ilianza mwaka 1974 kama kitengo cha utafiti, na tunayo Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 yenye baraza la kuwaandikisha waganga. Mganga mwenye dawa ya kweli hana sababu ya kuogopa kuandikishwa.

Kuhusu dawa za kupulizia, tuna jambo moja la kuonea fahari na hatulionei. Pareto tunayoipima kila msimu, inayokwenda kiwandani Mafinga, hutoa dawa ya wadudu inayotafutwa sana ng'ambo, kwa sababu haidumu: jua huivunja upesi isibaki katika chakula wala udongoni. Nayo pia si maji ya kunywa; huua nyuki na samaki, hivyo haipuliziwi maua yakiwa wazi wala karibu na mto. Lakini ni ajabu kwamba sisi tunaichuma, tunaiuza, kisha tunarudi nyumbani na chupa ambayo hatuwezi kusoma maandishi yake.

Nisije nikasahau chakula, maana wazee hawakutenga chakula na dawa. Mkoa wa Iringa unalisha watu wengi wa nchi hii. Hata hivyo, uchunguzi wa afya wa taifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba watoto walio chini ya miaka mitano wenye udumavu Iringa ni asilimia 56.9, na Njombe asilimia 50.4, wakati kwa taifa zima ni asilimia 30. Wanachama wenzangu, hizo ni namba za watoto wetu sisi, watoto wa wenye maghala. Sababu ni nyingi, na wataalamu wa afya watazieleza vizuri kuliko mimi. Ila moja naijua kwa kuwa huiona mizanini kila siku: tunauza maharage mpaka debe la mwisho, tunauza maziwa, tunauza mayai, na mtoto anabaki na uji wa mahindi mtupu. Mnafu tunauita chakula cha maskini. Bibi yangu hakupata kupeleka maharage yote sokoni. Kulikuwa na chungu cha mbegu na chungu cha watoto, navyo havikuguswa. Wengine watasema ni ushamba. Mimi ningependa kuona ushamba huo ukirudi katika nyumba ya kila mwanachama, ikianza na yangu.

Sasa nifike kwenye azimio litakalojadiliwa mchana huu. Limeandikwa kwamba kila chama cha msingi kiwe na daftari la chemchemi na vinyungu vyake, pamoja na miti inayovizunguka. Kwamba milingoti na misindano iliyo ndani ya mita 60 iondolewe katika muda wa miaka mitatu na mahali pake ipandwe miti ya asili, mikuyu kwanza, au mianzi kwa wale wa Iringa ambao, najua, hawatahitaji kushawishiwa maana ulanzi ni ulanzi. Na kwamba baada ya miaka mitatu asiyetimiza asipewe pembejeo kwa mkopo mpaka atimize. Tena limeandikwa kwamba chupa za dawa zirudishwe ghalani, zisitupwe mtoni.

Nimesikia manung'uniko, na mengine yana haki. Katika chama chetu yuko mjane mmoja ambaye milingoti yake ya bondeni ndiyo ada ya shule ya mwanawe wa mwisho. Kumwambia akate kwa ajili ya Ruaha Mkuu ni kumwambia alipe deni la watu wengi peke yake. Kwa sababu hiyo mimi napendekeza kifungu kiongezwe: kwamba Chama Kikuu kitenge sehemu ndogo ya ushuru wa kila kilo kwa miaka mitatu, iwe fungu la kununulia miche na kuwafidia wanachama wadogo ambao hawana mti mwingine. Bwana Mweka Hazina ameniambia asubuhi hii kwamba fedha hazitoshi. Namheshimu, lakini namwomba aje na hesabu, nasi tuitazame pamoja ukumbini, shilingi kwa shilingi. Wako pia wanaosema kwamba azimio hili litawafukuza wanachama wakauze kwa walanguzi. Huenda wawili watatu wakaenda. Nimewahi kuwaona wakienda kwa sababu ya lumbesa, nao wamerudi.

Wala siwaahidi muujiza. Mwaka jana niliangusha safu za chini, zile zilizo karibu na chemchemi. Visiki vilichipua tena, maana mlingoti haufi kwa kukatwa, nami nikalazimika kuving'oa kwa sururu kimoja kimoja. Kazi ya jasho, na mgongo wangu unaijua. Mikuyu niliyopanda imefika magotini. Maji hayajarudi. Mwezi wa Septemba nilikwenda kutazama, nikakuta pale palipokuwa na kisima cha bibi pana udongo mweusi wenye unyevu, kiasi cha kuzamisha kidole mpaka kifundo cha kwanza. Nilimwita binti yangu naye akazamisha chake.

Karatasi za azimio ziko mezani kwa karani, karibu na mlango. Mahali pa kutia sahihi ni chini, na kando yake kila mmoja ataandika idadi ya miti yake iliyo bondeni. Mstari wa kwanza nimekwisha kuujaza mimi: 400, na kati yao vilivyong'olewa ni 90.